Bustani ya nyoka, kiingilio elfu tano: nenda, ila umtafute kijana wa Mweka

Nyoka peke yao wasikutoe nyumbani. Wapo wa kutosha, koboko, swila, kifutu na wengine wadogo wadogo, lakini sisi tulikwenda Julai, baridi ile ya Arusha ya sweta juu ya sweta, na nyoka kwenye baridi hana shughuli. Koboko alikuwa nyuma ya gogo, unaona mkia tu. Swila kalala. Mtalii mmoja alikuwa anagonga kioo kwa pete yake na hakuna aliyemjibu. Kama unatafuta msisimko, baki na simu yako. Kilichonifanya niandike ni mwongozaji tuliyempata, na alama nitakazotoa ni zake zaidi kuliko za bustani.

Jina la bustani nimeliacha. Nina ya kusifu na ya kulalamikia, na kijana yule alizungumza nasi kwa uwazi ambao sipendi umletee maneno kazini.

Nieleze kilichotupeleka, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini nasifia mazungumzo kuliko wanyama. Nina duka la vyakula vya mifugo Ngaramtoni: pumba, mashudu, dagaa wa kusaga, na vifaranga wa siku moja wanaokuja kwenye maboksi. Mtoto wa kaka yangu anasoma chuo hapa mjini na anakaa kwangu. Akaanza kuniuliza wale vifaranga wanaokufa njiani huwa nawatupa wapi. Nikadhani ana paka wa jirani. Baadaye akauliza kama wanaweza kukaa kwenye friji, kwenye friza ile ya samaki. Hapo nikambana.

Akatoa simu. Kuna jamaa anauza chatu mtandaoni, mita moja, "mpole, amezoea watu", laki tatu na nusu. Kianzio laki moja kwa simu, mzigo unapokelewa stendi ya Moshi, kibali kipo. Dogo alishapanga mpaka mahali pa banda, ukutani mwa stoo yangu ya pumba, "kwa sababu pana joto, shangazi". Sikugombana naye. Kijana wa umri ule ukimkataza unampa hamu. Nikamwambia Jumamosi twende tukamwone huyo chatu akishakuwa mtu mzima, halafu tuzungumze.

Mlangoni mambo yako sawa. Raia elfu tano, mwanafunzi nusu yake, na picha ya kitambulisho kwenye simu waliikubali bila maneno. Risiti ya EFD nilipewa kabla sijaomba, jambo ambalo kwenye vivutio vyetu si la kawaida. Ukishaingia ndipo kero inaanza: vibao vyote ni Kiingereza na majina ya kisayansi. Tulikuta darasa zima la shule ya msingi, watoto wanasoma kwa kusilabi, mwalimu wao anakisia. Mtoto wa Kitanzania anamtazama nyoka wa Kitanzania na hawezi kusoma kwamba ana sumu. Nililisema hilo kwenye kitabu cha wageni na nalirudia hapa.

Kwa hiyo msitembee peke yenu. Ombeni mwongozaji, hana malipo ya ziada, na kama mna bahati mtampata huyu aliyesoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, kule juu ya Moshi. Ni mwembamba, anaongea taratibu, hana mbwembwe za kuchokoza nyoka ili wageni wapige kelele.

Alitupeleka moja kwa moja kwa chatu. Jike, karibu mita nne, kajikunja juu ya sakafu ya zege iliyotiwa nyaya za joto. Mimi nilitegemea kuogopa, nikaishia kumchunguza. Macho yalikuwa na ukungu wa bluu, hana mboni. Kijana akasema anakaribia kujivua gamba, kujivua kweli, si kule kwa wanasiasa wetu, na siku hizo haoni vizuri kwa hiyo hasira ziko karibu. Halafu akatuonyesha vishimo kwenye midomo yake, vimepangana juu na chini. Kwa vishimo hivyo anahisi joto la kitu chenye damu ya moto hata gizani. Na karibu na mkia, pale tumbo linapoishia, kuna kikucha kimoja kila upande, kifupi kuliko kucha ya kuku. Ni mabaki ya miguu ya nyuma, nyoka wa kale walikuwa nayo. Dogo aliinama hapo muda mrefu, na nikaona kwamba hamu yake na huyu mnyama si ya kujionyesha tu. Ile ilinilainisha kidogo.

Kuna pia chatu mdogo wa kushika na kupiga naye picha. Dogo alinawishwa mikono kwa sabuni, akavishwa shingoni. Ilipofika zamu yangu kijana akanisogelea, akanusa hewa, akasema, "Samahani mama, wewe hapana. Unafuga kuku?" Nilikuwa nimepitia dukani asubuhi kupokea maboksi, na sweta lilikuwa na harufu ya vifaranga. Akasema chatu akinusa chakula haulizi mkono ni wa nani, na watu wengi wanaoumwa na chatu wa kufugwa huumwa hivyo, wakati wa kulisha au mara baada ya kushika chakula chake. Nikamtazama dogo. Aliyetaka kufuga chatu kwenye ukuta wa duka la vifaranga akatazama chini.

Nikamwambia aonyeshe lile tangazo. Hapa ndipo elfu tano yangu ilipoanza kurudi.

Dogo alikuwa na imani kwamba sheria inahusu pembe za ndovu na ngozi za chui. Kijana akamweleza kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inamhesabu mnyama mwenyewe kuwa nyara, awe hai au amekufa, na hata yai lake limo. Chatu hai ndani ya banda la mbao Ngaramtoni ni nyara ya serikali, na mwenye banda amekutwa nayo. Kumwokota shambani kwako hakumfanyi awe wako. Na kesi hizo haziishii kwenye faini ya kulipa dirishani ukarudi nyumbani. Zinaingia kwenye uhujumu uchumi, zile ambazo mtu anakwenda miaka 20 na ukoo unauza shamba kumtafutia wakili. Bustani inao kwa leseni. Anayetaka kuanzisha bustani au shamba la wanyamapori njia ipo, anaomba, anakaguliwa, na ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndipo pa kuanzia kuuliza. Haianzi kwa kianzio cha laki moja.

"Lakini ana kibali," dogo akasisitiza, "nimwambie akitume?" Kijana akasema mwambie. Picha ikaja mara moja, jamaa alikuwa mwepesi. Nikaomba simu nivae miwani, na sikuhitaji msaada wa Mweka. Ile karatasi naijua, wateja wangu wanakuja nayo dukani kila wiki: kibali cha kusafirisha mifugo, kinachotolewa na afisa mifugo wa wilaya. Kwenye mstari wa aina ya mnyama palikuwa na neno "mbuzi", limepigwa wino, juu yake kwa mwandiko mwingine "chatu mmoja". Idadi ya awali ilikuwa kumi na wawili. Kijana alicheka mpaka akashika kizimba.

Dogo hakucheka. Akashika upande mwingine: "Mbona Marekani watu wanalala nao kitandani?"

"Marekani ipi?" kijana akauliza, na nikajua hili swali amekutana nalo mara nyingi. Kule kila jimbo lina yake. Texas, chatu wetu wa Afrika yumo kwenye orodha ya nyoka wanaotakiwa kibali. Florida ndiyo iliyoungua zaidi. Chatu wa Burma waliletwa kuuzwa kama vipenzi, wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa na wenyewe walipowashinda, wakazaliana kwenye mabwawa ya Everglades. Utafiti uliotoka mwaka 2012 ulikuta rakuni, mnyama mdogo wa porini wa kule, wanaoonekana ndani ya hifadhi ile wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikatumia sheria yake ya zamani ya mwaka 1900, Lacey Act, kuzuia kuingizwa nchini kwa aina nne za nyoka wakubwa, na mbili kati ya hizo ni chatu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini. Mwaka 2015 wakaongeza nne nyingine. Wafugaji walikwenda mahakamani na mwaka 2017 wakashinda sehemu moja: mahakama ilisema sheria hiyo haizuii kumsafirisha kutoka jimbo moja la bara hadi jingine. Kumwingiza kutoka nje bado hapana. Na mwaka 2021 Florida ikawaweka chatu wakubwa kwenye orodha ya marufuku, kwa hiyo mtu hawezi tena kuanza kumfuga kama kipenzi.

Nilipofika nyumbani nilisoma mwenyewe, maana sina tabia ya kumeza kila ninachoambiwa, na nikakuta kijana hakuongeza chumvi. Kilichonichekesha ni kwamba chatu huyu kule anazuiwa kwa kuwa mgeni, hapa anazuiwa kwa kuwa mwenyeji. Na katikati yake upo mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao umemweka kwenye orodha yake ya pili, kwa hiyo hata kuvuka mpaka anadaiwa karatasi.

Jambo moja kijana alilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya lile darasa la watoto. Agosti 2013, mji wa Campbellton nchini Kanada, ndugu wawili wa miaka minne na sita walilala kwa rafiki yao, kwenye nyumba iliyo juu ya duka la wanyama. Chatu wa Afrika alitoka kwenye kizimba chake, akapita kwenye bomba la hewa, akaangukia chumba walicholala. Hawakuamka. Mkoa ule haukuruhusu mtu binafsi kuwa na aina hiyo bila kibali maalumu, na maofisa walisema hawakujua kama yupo. Ukuta wa stoo yangu ya pumba, upande wa pili ni chumba wanacholala watoto wa dada wa kazi. Sikusema kitu. Dogo anaijua nyumba.

Muuzaji alikuwa pia amemwambia kwamba chatu wake ni "masalia ya mazizi", yaani wale waliobaki kwa wafanyabiashara waliokuwa wakisafirisha wanyama hai. Uongo mzuri ni ule wenye ukweli ndani. Biashara hiyo ilikuwepo. Sisi wa huku hatujasahau Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne, walivyopakiwa kwenye ndege ya jeshi pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Qatar. Kesi ilisikilizwa Moshi, na mwaka 2014 mshitakiwa mkuu alihukumiwa miaka 60 akiwa ameshatoroka. Mei 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje kwa miaka mitatu. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wenye mazizi watapewa miezi sita wamalize waliobaki, na kabla wiki haijaisha waziri akasimamisha. Hata siku zile kilichozungumzwa ni kuuza nje ya nchi. Hakuna aliyesema masalia yauzwe kwa wanafunzi stendi.

Namba ya jamaa na ile picha ya kibali cha mbuzi tuliiacha kwa kijana, akasema anajua pa kuipeleka. Laki moja ya dogo ipo, na sasa anataka kwenda Mweka kufanya kazi za kujitolea likizo ikifika. Nimemwambia aandike barua mwenyewe.

Sasa ya kawaida. Mgahawa upo, chipsi kuku zilichukua karibu saa nzima na zilikuja zimepoa. Soda zina bei ya watalii. Bebeni chakula, kuna meza za mbao chini ya migunga na hakuna anayewafukuza. Choo cha wageni ni kisafi ila sabuni ilikuwa imeisha, na kwa mahali panapowataka watu wanawe kabla ya kushika nyoka, hilo ni aibu. Kiti cha magurudumu kitapita kwenye vizimba vingi isipokuwa upande wa mamba, kule ni ngazi.

Nawapa nyota nne. Nendeni mchana, saa sita hadi saa tisa, jua likiwa limepasha zege, ndipo mtakapowaona wakitembea. Januari au Februari ni bora kuliko Julai. Picha na chatu mdogo ni elfu tatu kwa kila mtu, hata kama simu ni yako. Mkiwa familia ombeni bei ya pamoja kabla hajavishwa mtu shingoni, kwa sababu baada ya hapo hawapunguzi.