Mkongojo au woka kwa mzee wa Lamu?

Kila mzee akiteleza, swali barazani ni lile lile: tumnunulie mkongojo au woka, ile fremu ya miguu minne?

Kwa bei, mkongojo hauna mpinzani. Seremala wa mtaani anakuchongea, na matunzo yake ni kile kipira cha chini: kikilika kikawa laini, badilisha siku hiyo hiyo. Woka ni ghali zaidi, ina vipira vingi na skrubu za kukazwa, na hewa ya chumvi inakula chuma. Chagua ya alumini.

Usalama ndio wenye maneno. Aliyelegea miguu yote miwili, au anayepepesuka, woka humshika. Mkongojo hauiwezi kazi hiyo. Lakini jamani, nyumba zetu za mji wa kale! Ngazi ni nyembamba na zimesimama, na woka si chombo cha ngazi. Vichochoroni utakutana na punda mwenye mzigo, na mwenye mkongojo hujibanza ukutani upesi. Kwenye mchanga wa ufuo wa Shela, woka yenye magurudumu madogo inazama.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande mzima, si wa mguu mbovu. Wengi hukosea hapa. Vyote viwili, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima, mikono imelegea.

Anayeishi chini na kuzunguka ukumbini tu, mpe woka. Mguu mmoja unamuuma na msikitini bado anakwenda, mkongojo unamtosha. Bibi yangu anavyo vyote: woka ya ndani, mkongojo wa ngazini, na mjukuu hatua moja chini yake.