BMW M5 (toleo la E60) au Mercedes E55 AMG: lipi liwe gari la pili?
M5 ya 2005 ina injini ya V10 (silinda kumi) ya lita 5.0, nguvu za farasi 507, na utamu wake uko juu, karibu na mizunguko 8,250 kwa dakika. Ila asubuhi, oili ikiwa bado ya baridi, usiikimbize: beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) huisha mapema, na injini ikianza kugonga, andaa pesa ya nyingine. Pampu ya SMG, giaboksi yake isiyo na pedali ya klachi, nayo inasumbua.

E55 AMG (toleo la W211) ni V8 ya lita 5.4 yenye supachaja, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Injini ngumu kweli. Tatizo ni mifuko ya hewa ya Airmatic, ile inayobeba gari badala ya springi. Kaikague asubuhi kabla haijawashwa. Ukikuta kona moja imelala, shusha bei. Breki za SBC, zinazoendeshwa kwa umeme, pia ziulizie.

Mimi nachukua Mercedes. Ingawa mlio wa ile V10, jamani!