Tathmini: Nuggets kwa anayeanza kuwinda bendi za gereji

Mtu akiuliza aanzie wapi kuzijua bendi za roki ya gereji za Marekani za miaka ya 60 (roki ghafi ya vijana waliofanyia mazoezi gerejini), jibu la kwanza karibu kila mara ni Nuggets. Ni jibu sahihi. Lakini mkusanyiko huu haufai kusikilizwa tu, lazima usomwe. Asiyeusoma ataishia kuwinda santuri za bendi ambazo hazikuwahi kupanda jukwaani.

Aliyeukusanya ni Lenny Kaye, mwandishi wa muziki na mpiga gitaa, na kampuni ya Elektra ikautoa mwaka 1972: santuri mbili, nyimbo 27, pamoja na maelezo ya Kaye mwenyewe. Jina lake kamili linataja miaka ya 1965 hadi 1968, ingawa wimbo wa The Premiers uliomo ulitoka 1964. Unafunguliwa na The Electric Prunes, na lile gitaa linalovuma kama nyuki kabla mwimbaji hajafungua kinywa linatosha kukuambia umeingia wapi. Upande wa pili unafungwa na The 13th Floor Elevators kutoka Texas. Hapo sikiliza chini ya sauti ya mwimbaji wao, Roky Erickson: kuna mlio unaobwabwaja bila kupumzika tangu mwanzo hadi mwisho. Si gitaa wala kinanda. Ni Tommy Hall, anayetoa sauti kwa mdomo ndani ya jagi lililowekewa maikrofoni. Katika upande huohuo wamo The Barbarians, ambao mpiga ngoma wao, aliyepoteza mkono wa kushoto, anasimulia mwenyewe jinsi alivyokaribia kukata tamaa. Nyimbo hizi mbili pekee zinatosha kuhalalisha bei.

Sasa kasoro. Kwanza, sehemu kubwa ya nyimbo hizi hazikuwa za kificho. The Standells walifika nafasi ya 11 katika chati ya Marekani, Count Five nafasi ya 5. Ukitaka bendi ambayo hata mtaa wa pili hawakuisikia, hapa utaipata kwa nadra. Pili, na hili ndilo linalowapoteza wengi, baadhi ya majina si bendi kamwe. Sagittarius ulikuwa mradi wa studio wa prodyuza Gary Usher, na sauti inayoongoza ni ya Glen Campbell. The Third Rail nao walikuwa watu wa studio. Hata The Chocolate Watchband, ambao walikuwa bendi ya kweli yenye nguvu jukwaani, wamewakilishwa na wimbo ulioimbwa na Don Bennett, mwimbaji wa kuletwa, wala si mwimbaji wao Dave Aguilar. Ukiipenda sauti ile ukaenda kutafuta albamu zao, ujue kabisa kwamba wimbo mmoja na mwingine huenda usiwe wa watu walewale.

Kuhusu matoleo: kampuni ya Sire iliutoa upya mkusanyiko huu mwaka 1976 ukiwa na nyimbo zilezile. Kuanzia 1984 kampuni ya Rhino ilitoa santuri kadhaa zenye jina la Nuggets na namba za mfululizo, lakini mpangilio wa nyimbo ni tofauti kabisa, kwa hiyo soma orodha nyuma ya jalada kabla ya kulipa. La kununua ni sanduku la Rhino la 1998: CD nne, nyimbo 118, na CD ya kwanza ni zile 27 za awali kwa mpangilio wake. Najua wapenzi wa santuri hawapendi kusikia hivyo. Lakini kijitabu cha ndani kinakupa kampuni na namba ya singo (santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande), na hizo ndizo habari utakazofanyia kazi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chukua wimbo mmoja uliokugusa, uache jina la bendi, ushike jina la lebo, yaani kampuni iliyoutoa, na mji wake. The Castaways walirekodi kwa Soma ya Minneapolis. Fungua ukurasa wa Soma kwenye tovuti ya Discogs au 45cat, panga singo kwa mwaka, pitia za 1964 hadi 1967 moja baada ya nyingine, na usiruke upande B. Prodyuza mara nyingi aliilazimisha bendi irekodi upande A wimbo anaodhani redio itaupenda, huku upande B wakiachiwa wapige walivyotaka. Lebo ndogo ya mji mmoja ilikuwa na studio ileile na watu walewale, ndiyo maana ukipenda singo yake moja kuna uwezekano mkubwa ukapenda nyingine. Etiquette ya Tacoma ni mfano bora zaidi: ilianzishwa na wanamuziki wa The Wailers wenyewe, ikawatoa The Sonics, ambao hawamo kabisa katika zile nyimbo 27.

Baada ya hapo nenda kwenye Pebbles, mfululizo ulioanzishwa na Greg Shaw mwaka 1978, kisha Back from the Grave wa Tim Warren, uliotolewa na lebo ya Crypt kuanzia 1983. Pebbles ni pana lakini sauti yake haitabiriki, maana nyimbo nyingi zilinakiliwa kutoka kwenye singo zilizochakaa. Back from the Grave ndio bora kuliko yote kwa mtafutaji wa kweli. Warren alichagua vitu vibichi na vikali tu, na aliwatafuta wanamuziki wenyewe ili kupata maelezo.

Ukianza kununua singo za asili, usikimbilie chapa ya kwanza, yaani nakala zilizochapwa mwanzo kabisa, bila sababu. The Kingsmen walitoka kwanza kwa lebo ya Jerden, kisha Wand; ? and the Mysterians walianza na Pa-Go-Go kabla ya Cameo kuwafikisha nafasi ya 1 mwaka 1966. Kwa kusikiliza, chapa ya pili inatosha na ni rahisi zaidi kupatikana. Soma pia namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu inayozunguka karatasi ya katikati ya santuri. Viwanda kama Rite cha Cincinnati, vilivyochapa kwa bendi zilizojilipia, vilitoa namba kwa mfuatano, hivyo singo isiyo na tarehe inaweza kukadiriwa mwaka wake.

Tahadhari kubwa ni stairini, aina ya plastiki. Singo nyingi za Marekani za enzi hizo hazikuwa za vinili. Stairini ni ngumu, haipindiki, ukigonga ukingo kwa ukucha hutoa mlio mkali, na karatasi yake ya katikati mara nyingi imebandikwa kwa gundi. Sindano iliyochakaa huikwangua mifereji yake, na kinachobaki ni mkwaruzo kwenye sauti za juu ambao hakuna kuosha kutakaouondoa. Mbaya zaidi, kwa macho inaweza kung'aa kama mpya, kwa hiyo muulize muuzaji kama aliipa daraja kwa kuicheza au kwa kuitazama tu. Daraja la VG (Very Good), licha ya jina lake, maana yake kelele zitasikika, hasa pale muziki unapotulia.

Tumia sindano yenye ncha ya mviringo badala ya ile ya duaradufu, usizungushe singo kinyumenyume kwa mkono kutafuta mwanzo wa wimbo, na kama amplifaya ina swichi ya mono (sauti ya chaneli moja), ibonyeze. Wimbo wa mono umechongwa kwa mwendo wa kushoto na kulia pekee. Kinachosomwa juu na chini ni vumbi na uchakavu, na swichi hiyo hukifuta.