Kurudia mieleka ya zamani nikiwa Mtwara: uzoefu wangu, waliopanda na walioshuka kwangu

Wadau habari za saa hizi. Kwa muda sasa nimekua narudia kuangalia mieleka ya zamani, ile ya WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani, kabla haijabadilishwa jina kuwa WWE mwaka 2002. Nyingine nimerushiwa kwenye flashi na duka moja la muvi hapa Mtwara mjini, nyingine naangalia YouTube kwenye chaneli ya WWE Vault ambako wenyewe wanaweka mapambano yao ya zamani bure. Naandika uzoefu wangu kwa anaewaza kufanya hivyo, nitasema huduma zote mbili zilivyo afu nitawasema na wapiganaji wenyewe, maana kiukweli hao ndo wamenifanya nishike simu niandike.

Huduma ya flashi kwanza. Pale walinichaji mia tano kwa shoo moja, ukichukua nyingi mnaelewana, na uzuri wake ni kwamba bando haliliwi kabisa, unachomeka kwenye tv unakaa na familia mnaangalia shoo nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndo raha ya mieleka ilipo kwasababu unaona mpangilio wa usiku mzima sio pambano moja moja. Ubaya ni mafaili. Kuna shoo imekatwa pambano likiwa katikati, nyingine imeandikwa mwaka fulani kumbe ndani ni kitu kingine kabisa, na nilivyorudi kuuliza nikajibiwa "njomba, za zamani ndo zilivyo hizo", basi. Ushauri wangu, kabla hujalipa mwambie akufungulie faili mbele yako, uisogeze mpaka mwisho uone kama refa kanyanyua mkono wa mtu.

WWE Vault picha ni safi zaidi na sauti imekaa vizuri, ila bando lako uwe nalo, mi naweka ubora wa 360 kwenye simu na inatosha kabisa, vitu vya miaka ya 90 hata ukiviweka juu sana hauongezi kitu kikubwa. Matangazo yapo, yanavumilika. Mi nawapa Vault nyota nne, duka nyota mbili, na hizo mbili ni kwasababu nilipata SummerSlam ya 1992, moja ya shoo kubwa za WWF za kila mwaka, nzima haijaguswa.

Sasa watu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video huku kusini, Masasi, Newala, Mtwara mjini, mieleka tuliiangalia kama muvi, kuna steringi na kuna adui. Mkanda wa VHS unazunguka kibanda hadi kibanda mpaka picha inaanza kuchirizika, na ndani ya kibanda kelele yote ni ya steringi, Hulk Hogan, Ultimate Warrior, Undertaker. Adui anazomewa tu. Na ubishi wa nje ulikua mmoja, wanapigana kweli au wanaigiza. Mi huo ubishi siku hizi hauninyimi usingizi, matokeo yanapangwa ndio, lakini mtu wa kilo 130 akibwagwa kwenye mbao amebwagwa, mgongo wake haujui kama matokeo yamepangwa. Na ukishakubali hilo ndo unaanza kuangalia kwa jicho lingine, unaacha kumuangalia anaeshinda unaanza kumuangalia anaepigwa, kwasababu huyo ndo anaebeba pambano. Yeye ndo anaamua ile ngumi ya mwenzake ionekane ya kuua au ionekane ya mtoto.

Na hapo ndo Kamala amepanda kwangu kuliko mtu yeyote.

Kwa wasiomkumbuka, Kamala ndo yule jamaa mkubwa aliyekua anatangazwa kama jitu la Uganda, anaingia peku, uso ana kinyago, mkononi mkuki na ngao, tumboni kachorwa nyota na mwezi, hasemi neno anapiga tu tumbo lake na kuunguruma, na ana mtu wa kumuongoza ulingoni kama vile haelewi kitu. Walianza kumtengeneza hivyo Memphis, Marekani, mwaka 1982, na stori waliyompa ni kwamba alikua mlinzi wa Idi Amin. Jina lake la kweli ni James Harris na kwao ni Mississippi, Marekani, sio Uganda wala karibu na Uganda.

Nilivyoweka ile SummerSlam tulikua tunaangalia na babu mmoja jirani yetu hapa Majengo, yeye vita ya Kagera alikwenda, 1978 mpaka 79, na akaingia nayo mpaka Uganda. Kamala alivyotokea babu akakaa vizuri kwenye kiti akauliza "huyu ndo Muuganda?" nikamwambia ndo walivyokua wanasema babu. Akaangalia kidogo, akasema "tuliopigana nao sisi walikua na vifaru". Akanyamaza. Afu baadae katikati ya pambano akasema tena, "ila huyu mtu anajua kazi". Na mi nakubaliana nae vyote viwili, kwamba kile walichomvisha kilikua dharau kwa Afrika nzima na kwa watu weusi wa huko huko kwao, na kwamba aliyekua ndani yake alikua fundi. Muangalie miguu. Mtu mkubwa vile lakini anavyotembea ulingoni, anavyoshtuka, anavyotazama mikono yake kama hajui afanye nini, hakosei hata mara moja. Pambano lenyewe lilikua Wembley, London, Agosti 1992, na Undertaker, Kamala anamrukia Undertaker na mwili mzima, anarudia, anarudia, na Undertaker anakaa kitako ghafla kama maiti iliyoamka. Kwenye kibanda tulimshangilia Undertaker kwa kukaa. Sasa hivi namuangalia Kamala, uso wake wakati ule, ile hofu, bila ile hofu Undertaker ni mtu mrefu tu aliyeinuka. Miezi mitatu baadae kwenye Survivor Series, shoo nyingine kubwa ya WWF, wakawekewa pambano la jeneza, anaogopa jeneza kwa mwili mzima mpaka wewe unaeangalia na wewe unaliogopa, na wakampigilia misumari humo.

Huyu mtu aliwahi kuendesha malori ili aishi, kisukari kikamkata miguu yote miwili, na akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 70. Mkanda wa ubingwa wa WWF hakuuvaa hata siku moja. Nasema kwa uchungu kabisa, alistahili kupewa sura yake mwenyewe na jina lake mwenyewe, na pesa ya kazi aliyofanya.

Na hakua peke yake, kuna Tony Atlas, huyu pamoja na Rocky Johnson, baba yake The Rock, ndo watu weusi wa kwanza kubeba mikanda ya wawili wawili ya WWF mwaka 1983. Mwaka 1990 wakamrudisha kama Saba Simba, manyoya kichwani, ngao na mkuki. Bingwa mzima. Hiyo nimeangalia mara moja na sitarudia.

Shoo hiyo hiyo ya Wembley ina lile pambano la mwisho, Bret Hart na British Bulldog, wanagombea mkanda wa Intercontinental, ule wa pili kwa ukubwa WWF. Watu zaidi ya elfu 80 walitangazwa kuwepo uwanjani, Bulldog ni wa pale pale Uingereza na kamuoa dada yake Bret, kwahiyo ni shemeji kwa shemeji. Bulldog anashinda, uwanja unalipuka, na zamani hiyo ndo ilikua stori yote, Bulldog mkali. Bret kaja kuelezea baadae kwamba shemeji yake alisahau mpangilio wote mapema kabisa na ikabidi yeye amuongoze pambano lote lililobaki, yani anamnong'oneza fanya hivi fanya vile huku anaonekana anampiga. Ukishajua hilo ukaangalia tena utashika kichwa. Bret muda wote mdomo uko karibu na sikio la mwenzake, anamuweka pale anapotaka awe, na mwisho anajipeleka mwenyewe kubanwa mabega chini mpaka refa anahesabu tatu. Aliyeshindwa ndo aliyepigana mapambano mawili, la kwake na la shemeji. Kwangu mi Bret Hart sasa ni namba moja, na sijali nani atabisha.

Yokozuna. Jamani Yokozuna. Tulikua tunaambiwa Mjapani, kumbe ni Msamoa, Rodney Anoa'i, ukoo mmoja na wapiganaji wengine akina Rikishi na Roman Reigns. Kilo zaidi ya 220 na wakati anachukua ubingwa kwa Bret kwenye WrestleMania ya 1993, shoo kubwa kuliko zote za WWF, ana miaka 26 tu. Sisi tulimuona mnene tu anaekalia watu. Mrudieni wadau, angalieni anavyoanguka. Mtu wa kilo hizo anaanguka chali kwa ufundi wa mtu wa kilo 90, na anaemkalia kifuani anainuka mzima, hilo ndo kubwa zaidi, ile Banzai yake anashuka kutoka kwenye kamba na mizigo yote ile na hamvunji mtu mbavu. Afu usiku ule ule wa ubingwa wake wakamleta Hogan akamnyang'anya mkanda kwa pambano la sekunde ishirini na kitu, baada ya kazi yote ile. Aliurudisha mwezi Juni kwa kumpiga Hogan huyo huyo, sawa, lakini ile ya kwanza bado inaniuma. Alifariki Liverpool mwaka 2000, miaka 34.

Walioshuka sasa. Ultimate Warrior kashuka sana. Anaingia anakimbia, anatikisa kamba, na hapo ndo utamu wake wote umeisha. Pambano lake zuri ni lile la WrestleMania ya 1991 na Randy Savage, na ukiliangalia vizuri ni pambano la Savage, Savage ndo anapanda kona anashuka na kiwiko mara tano mfululizo, Savage ndo anapigwa mpaka unamuonea huruma. Goldberg pia kashuka. Ule mfululizo wake wa ushindi wa 1998 kule WCW, kampuni iliyokua inashindana na WWF, ulitusisimua wote, ila teke lake la Desemba 1999 lilimuumiza Bret kichwa kweli na ndo likamaliza kazi yake, na kwenye mieleka mtu mwili wake kakukabidhi wewe, ukimvunja umeshindwa kazi. Hogan yupo pale pale kwa mvuto, hilo siwezi kumnyima, lakini ile WrestleMania ya 1987 aliyomnyanyua Andre the Giant, siku hizi macho yangu yako kwa Andre, mgongo ulikua umetoka kufanyiwa upasuaji na kakubali kunyanyuliwa na kubwagwa mbele ya uwanja mzima ili mwenzake awe shujaa.

Mankind na Undertaker kwenye lile tundu la chuma, Juni 1998, ambalo kwenye vibanda lilirudiwa mpaka mkanda ukachoka, mi siwezi tena kulifurahia. Anatupwa kutoka juu karibu mita tano mpaka kwenye meza ya watangazaji, wanamuweka kwenye machela, anarudi, anapanda tena, paa linakatika anaanguka ndani. Mick Foley, ndo jina la kweli la Mankind, namheshimu mno lakini kuangalia naangalia kwa kujilazimisha. Na za Owen Hart ndo kabisa, ile 1994 anamshinda kaka yake Bret pambano la kufungua WrestleMania ni moja ya kazi safi zilizowahi kufanyika ulingoni, ila ukijua kwamba Mei 1999 alianguka kutoka darini Kansas City akafa na shoo ikaendelea, moyo unakua mzito.

Kwa anaetaka kuanza, anza na SummerSlam 1992 nzima. Afu tafuta Bret na Steve Austin, WrestleMania ya 1997, Austin damu usoni kabanwa miguu na hakubali kusema basi mpaka anazimia, Bret kaingia akiwa kipenzi katoka anazomewa, na Austin aliyeshindwa ndo akawa mfalme wa miaka yote iliyofuata.

Wikiendi hii nimeshaandaa Ron Simmons na Vader, Agosti 1992, WCW, siku ambayo Ron Simmons alichukua ubingwa wa dunia kama mtu mweusi wa kwanza, kwa jina lake na sura yake bila mkuki wala kinyago, na nikimaliza hapo nitaweka ya Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ya mwaka 2019 alivyombwaga Daniel Bryan. Babu kashaniambia asiachwe. Ambae ana Kamala za zamani zaidi, zile za kule Memphis, zikiwa nzima hazijakatwa, naomba tuwasiliane, nipo Majengo na flashi ninayo.