Kabine (kibanda cha pesa ya simu) ya mama mmoja pale Birere, Goma: foleni ndefu, lakini SMS ya wongo haipite

Kama unatafuta mahali pa kutosha franga bila kuibiwa, enda kwa mama wa parasoli ya bleu pale Birere, ukitoka Petite Barrière, mpaka na Rwanda. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, zote anafanya. Lakini beba subira, maana tangu mabenki zifunge mwanzo wa 2025 Goma yote imehamia kwenye simu, kuna siku unasimama foleni na jua lote ile halafu anakwambia kashi imeisha.

Kabine zingine ziko hapo hapo pembeni, mimi nazipita tu. Huyu mama haamini SMS ya mtu hata awe jirani yake. Juzi kijana alifika anachekelea, "mama ona, wamenitumia dola 80", meseji imeandikwa Kifaransa kisafi, iko na numero ya transaksyo na kila kitu. Mama hakuisoma hata. "Mutoto wangu, piga *1122# kwanza tuone solde." Solde, ni kusema pesa iko kwenye konti: franga 350. Kumbe kijana mwenyewe njo walikuwa wanataka kumwibia, chini ya meseji kulikuwa linki ya "kuhakikisha konti", ukiingia wanaomba kode ya siri na foto ya karte ya kupigia kura, na sisi hapa ile karte njo kitambulisho, mtu akiwa nayo pamoja na numero yako anaweza kwenda kuomba SIM mpya kwa jina lako na wewe uko nyumbani unakula sombe. Nikasema si numero ya mtumaji inaonekana ni ya mtu tu, +243 ya kawaida? Mama akasema hata jina la kampuni wanaiga, yeye anaangalia solde, basi.

Zile SMS za "uko kwenye liste ya msaada, tuma jina na kode" njo zinaniuma zaidi, zinafika kwa watu wenye walikimbia vita na hawana kitu.

Kingine: ukianza kuandika kode anageuza uso, anaangalia chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, zinapita. Kuna kabine wanakuomba uitaje kwa sauti mbele ya foleni yote, kweli jamani?

Nyota nne. Benchi ya kukaa hakuna, na dola yenye kupasuka hata kidogo hapokei, usijaribu kumbembeleza. Enda mbele ya saa sita, kashi ikingali.