Kipimo cha hs-CRP: sindano safi, kaunta hovyo

Sirudi maabara ile nilikopima hs-CRP, kipimo nyeti cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani (inflammation). Au labda nirudi kutoa damu tu, maana mchoma sindano wao ana mkono mwepesi na majibu yalitoka siku ileile. Kilichonikera ni kaunta. Karatasi inasoma 4.1 mg/L, na mhudumu, bila hata kuinua macho, anasema: "Usijali, nyinyi watu weusi huwa nayo juu. Kwenu ni kawaida."

Kawaida ya nani? Kweli, wastani hutofautiana. Utafiti wa MESA wa Marekani kuhusu ugonjwa wa mishipa ya moyo, ulioanza mwaka 2000 kwa watu 6,814, ulikuta CRP iko juu kwa Weusi na Walatino, chini kabisa kwa wenye asili ya China. Ila sehemu ya tofauti hiyo ni unene: mafuta ya mwilini hutoa interleukini-6, protini ya kupeleka ishara za uvimbe, nayo hulisukuma ini kutengeneza CRP. Halafu katika utafiti huohuo, waliokutwa na kalsiamu nyingi zaidi kwenye ateri za moyo, dalili ya ateri kuharibika, ni Weupe! Sasa utaisomaje ateri ya mtu kwa rangi yake? Viwango ni vilevile kwa wote: chini ya 1 hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, 1 hadi 3 ya kati, zaidi ya 3 kubwa.

Alichopaswa kuuliza ni hiki: umeugua mafua karibuni? Una jino bovu, kidonda, unameza vidonge vya estrojeni? Vyote hivyo hupandisha CRP. Kisha aseme rudi baada ya wiki mbili, tupime tena, tuchukue wastani wa majibu mawili. Ikizidi 10, tafuta kwanza maambukizi, moyo usubiri. Na hakikisha fomu imeandikwa hs. CRP ya kawaida haiaminiki kwenye viwango vya chini.

Kama kweli asili inawahusu, mbona fomu yao haina Lp(a), chembe ya mafuta ya damu inayoongeza hatari ya moyo? Hiyo ndiyo hurithiwa, na kwa watu wa asili ya Afrika huwa juu zaidi. Kwa wengi hupimwa mara moja tu maishani. Angalia kizio cha jibu: nmol/L na mg/dL hazibadilishwi kwa kuzidisha namba moja.

Nilianza na nyota tatu kwa ajili ya mashine. Hapana, moja. Jibu sahihi likipewa maelezo yale, mtu anaenda nyumbani na 4.1 yake akidhani yuko salama.