Uzoefu wangu na duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, kabla na baada ya mwasisi wake kufariki

Nimekuwa mteja wa duka hili, lililopo katikati ya jiji la Mwanza, tangu nilipoanza kuchukua kazi za ujenzi kwa jina langu mwenyewe. Nimelijua wakati mwasisi wake akiwa hai, akikaa kaunta tangu asubuhi, na ninalijua sasa linapoendeshwa na wanawe kwa mfumo wa kampuni. Naandika kwa ajili ya mafundi na watu wanaojenga, hasa wale wanaovuka ziwa kutoka Sengerema na Ukerewe kuja kuchukua mzigo mkubwa kwa mkupuo, kwa sababu sifa ya duka hili bado inatembea kwa jina la Mzee ilhali utaratibu wake umebadilika sana.

Kilichomtofautisha Mzee na wauzaji wengine ni mizani aliyoiweka uani, pale nondo zinapopakiwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hutakiwa kuwa na uzito wa kilo 10.6 hivi, ikishuka hadi kilo 9, maana yake umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa bei ya milimita 12, na kwa macho huwezi kugundua. Mzee alimruhusu mteja yeyote kuchomoa nondo aitakayo katikati ya fungu na kuipima mwenyewe, kisha uzito huo ukaandikwa nyuma ya risiti. Fungu likionekana limepunjwa, lilirudishwa kwa aliyelileta. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "ikishamwagiwa zege hakuna atakayeifukua kuipima." Katika jiji ambalo nyumba nyingi zimekaa juu ya miteremko ya mawe, na nguzo hubeba mzigo usio wa kawaida, huduma ile ilikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Alipofariki, duka lilisuasua kwa miezi mingi, na sababu yake inafaa kueleweka na kila mwenye biashara. Biashara ilikuwa imesajiliwa kama jina la biashara la mtu binafsi, si kampuni, hivyo kisheria duka na mwenye duka walikuwa kitu kimoja. Akaunti ya benki ilifungwa, familia ikalazimika kusubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na katika kipindi hicho hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini malipo ya mzigo mpya. Kama lingekuwa kampuni yenye dhima ya ukomo, hisa zake ndizo zingeingia kwenye mirathi, lakini kampuni yenyewe ingeendelea kuuza na kulipa. Mbaya zaidi, sehemu ya mikopo aliyowapa mafundi haikuwa kwenye daftari, bali kichwani mwake, na wapo waliokana madeni yao hata kabla ya arobaini. Jambo hilo limenisikitisha kuliko yote, kwa kuwa ndilo lililofanya wanawe waache kabisa kumkopesha fundi wa kawaida. Leo anayekopeshwa ni kampuni iliyosajiliwa tu, yenye namba ya mlipakodi na mdhamini, na siwezi kuwalaumu.

Yapo mambo ambayo sasa yameboreka, na haki yao lazima wapewe. Bei zimebandikwa wazi, risiti ya mashine inatolewa bila kuombwa, unaweza kulipa kwa simu, na mzigo wa Sengerema hupelekwa hadi kwenye kivuko cha Kamanga bila wewe kuhangaika na kirikuu. Wakati wa Mzee bei ya rangi ilitegemea nani yupo kaunta.

Tatizo ni pale bidhaa inapokuwa na kasoro. Nililipia bati za geji 28 kwa nyumba ya mteja wangu kule Igoma, na zilipofika nikaona zinapinda kirahisi mno zinapobebwa na mtu mmoja. Nilipozipima kwa kipimo cha unene zilikuwa geji 30, ambazo ni nyembamba zaidi, na kwa upepo unaotoka ziwani msimu wa mvua tofauti hiyo si ndogo. Nikarudi dukani na bati moja mkononi. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu, akatazama kompyuta, akasema, "Kaka, kwenye mfumo ni geji 28." Nilimwomba aishike bati yenyewe, akaishika, akakubali kwamba ni nyepesi, lakini akaeleza kwamba idhini ya kubadilisha bidhaa hutolewa na meneja, na meneja alikuwa safarini. Bati zilibadilishwa baada ya wiki kadhaa, gharama ya usafiri nikabeba mimi, na mafundi wangu walikaa bila kazi muda wote huo. Zamani aliyesikiliza malalamiko ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuyamaliza. Sasa anayesikiliza hana uwezo, na mwenye uwezo hasikilizi.

Sikubaliani na wanaosema kwamba duka la familia lazima life na mwenyewe. Majirani zetu wa Kenya wana mifano miwili ya supamaketi za familia, Tuskys na Naivas, zilizoanzia eneo la Nakuru. Mwasisi wa Tuskys, Joram Kamau, alifariki mwaka 2002; baadaye wanawe wakafikishana mahakamani, na kufikia mwaka 2020 kampuni ilikuwa imeshindwa kuwalipa wasambazaji na matawi yanafungwa. Mwasisi wa Naivas, Peter Mukuha Kago, alifariki mwaka 2010, na huko nako mgogoro wa hisa ulifika mahakamani, lakini maduka yaliendelea kuongezeka na wawekezaji wa nje wakaingia. Kwa hiyo kugombana peke yake siko kunakoua duka. Ninachokiona kama mteja ni kwamba pesa ya msambazaji ikilindwa na rafu zikiendelea kujaa, mnunuzi huenda asijue kabisa kwamba familia ina kesi.

Hapa Mwanza wanawe hawagombani, na mtaji wanao. Wanachohitaji ni kumpa mtu wa kaunta mamlaka ya kubadilisha bidhaa yenye kasoro siku hiyohiyo, na kuirudisha mizani uani. Niliambiwa iliondolewa ili kupata nafasi ya kuegesha lori. Nimewaandikia ombi hilo kwa barua, na mmoja wao amenipigia simu akasema watalijadili. Kwa sasa saruji na rangi naendelea kununua kwao bila wasiwasi. Nondo na bati nazichukua kwingine, na anayelazimika kuzinunua hapo namshauri aende na kipimo chake na akague mzigo kabla haujapakiwa.